Datsun ya mjomba na kikonyo cha jani la mpapai

Mimi ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia wanagenzi wangu jambo lile lile: uzi ukikatika, usikimbilie skrubu ya kukazia uzi. Kila anayejifunza kushona ana ugonjwa huo. Uzi ukikatika mara mbili tu, mkono umeshafika kwenye skrubu, anazungusha kulia, anazungusha kushoto, na kabla ya adhuhuri mashine haishoni tena na yeye hakumbuki skrubu ilikuwa wapi alipoanza. Kumbe sindano imepinda. Au uzi wenyewe umeoza. Au bobini imejaa vumbi la kitambaa. Nimeyasema hayo mpaka wanagenzi wananiigiza nikiwa sipo, mkono kiunoni na miwani puani.

Sasa niwaeleze nilivyozungusha nati za kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini, kwa miezi minne.

Gari ni Datsun 1600 SSS ya mwaka 1972, rangi ya maziwa, na ni la mjomba wangu. Alilinunua Dar es Salaam likiwa limeshatumika, akalileta Mtwara kwa meli, maana barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa ya kuombea dua. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ni kivuko, na masika yakishika, hata kukifikia hicho kivuko ni kazi. Mjomba husema gari lake lilipanda meli kabla yeye hajapanda.

Sisi wa huku kusini mnatujua kwa mambo ya mjomba. Mtoto huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye anayeitwa kwanza pakiwa na posa, jando, msiba au deni. Wanawe wako Dar na magari yao ya kisasa, hakuna aliyelitaka dude la zamani. Macho yalipoanza kumsumbua, alinikabidhi ufunguo mbele ya mama yangu, akasema: "Chukua, mwanangu. Ila usimpe mtu yeyote achokonoe kabureta."

Sikumpa mtu. Nilichokonoa mwenyewe.

Kwa nini alizihofia hizo kabureta? Datsun nyingi za rika lile zina kabureta moja, fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua. Hii ya SSS ina mbili, za Hitachi, zilizoundwa kwa mtindo wa kabureta za SU za Uingereza. Ya mbele inalisha silinda ya 1 na ya 2, ya nyuma inalisha ya 3 na ya 4. Zikielewana, gari linakwenda kama limesukumwa na kusi. Mjomba hakosi kukukumbusha kwamba 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki wakiwa ndani ya 1600 SSS, na ukimwacha aendelee atafika mpaka kwa Shekhar Mehta, aliyelibeba kombe hilo mara tano, zote kwa magari ya kampuni hiyo hiyo. Ukimsikiliza utadhani yeye ndiye aliyekuwa anawasomea ramani. Zisipoelewana, zinakuwa kama wake wenza wawili jikoni kwenye chungu kimoja: huyu anaongeza chumvi, yule naye anaongeza, na hakuna anayeuliza.

Ilianza kwa chafya. Ukikanyaga mafuta ghafla, injini inapiga chafya kupitia kwenye kabureta, paf, halafu inasita, halafu ndiyo inakwenda. Kisha sailensa ikaharibika, nikiwa na maana ya kule kuunguruma taratibu gari likiwa limesimama. Lilikuwa linatetemeka kama cherehani isiyofungwa kwenye meza yake. Nikauliza vijana wa bodaboda kijiweni. Wakajibu kwa pamoja: "Kabureta hiyo, mama." Nikamuuliza muuza spea. "Kabureta." Jirani yangu anayekaanga mihogo, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alipita akasikia, akasema kabureta hiyo.

Nikaanza. Chini ya kila kabureta kuna nati. Ukiizungusha jeti, kale kabomba kenye tundu la petroli, ikashuka, petroli inaongezeka, mchanganyiko unakuwa mzito. Jeti ikipanda, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Nilikuwa nimesikia kwamba kupiga chafya ni dalili ya mchanganyiko mwepesi, na hilo ni kweli, basi nikashusha zote mbili nusu mzunguko. Chafya zikapungua. Nikajiona fundi. Baada ya wiki zikarudi, nikashusha tena. Zikapungua, zikarudi. Petroli ikawa inakwisha kama inanyweshwa mbuzi, na moshi mweusi ukaanza kutoka ekzosi. Nikapandisha ya mbele, nikashusha ya nyuma. Nikaigeuza na ile skrubu ya sailensa. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa sijui tena kipi nilikigeuza lini, wala kwa kiasi gani, na sikuwa nimeandika hata neno moja. Mimi, ambaye mteja akija kupimwa naandika mpaka upana wa kifundo cha mkono.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Nilikuwa na sare kumi na nne za harusi ya Lindi, magauni ya kitenge ya mashangazi wa bibi harusi. Harusi Jumamosi. Mtwara mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita mia, lami tupu, safari ya kawaida kabisa. Nikayatandika kwenye kiti cha nyuma, nikaondoka alasiri. Nilifika Mikindani salama, nikateremka nikiitazama ile ghuba upande wa kulia. Kupanda kilima cha upande wa pili ndipo gari lilipokataa. Chafya, moshi, chafya, moshi, kasi ya kobe, halafu kimya. Nikashuka na spana, jasho linanitiririka, nikazungusha nati kando ya barabara malori yakinipitia masikioni. Sikumbuki nilizungusha mara ngapi. Mpaka mikono ikawa inanuka petroli tupu.

Wenye nyumba ya karibu waliniruhusu kuliacha chini ya mkorosho wao. Nikasimamisha Coaster, nikaingia na bunda langu. Lindi nilifika watu wametoka kuswali isha. Shangazi mkubwa wa bibi harusi alilipokea gauni lake, akalisogeza puani, akanitazama. Hakusema kitu. Heri angesema. Magauni yote kumi na nne yalikuwa yananuka petroli, na usiku ule tuliyaanika barazani, tukayafukizia udi mpaka alfajiri.

Jumatatu gari lilirudi Mtwara kwa kamba, nyuma ya kirikuu.

Kuna mzee mmoja mtaa wa Chikongola, gereji yake ni mwembe, benchi na kontena lililokatwa ubavu. Baba yake alikuwa karakana ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafa 1951. Karanga hazikuota za kutosha. Ulichotuachia ni bandari ya Mtwara, reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo baadaye iling'olewa, na watu kadhaa waliojua kushika spana. Mzee alirithi spana na kisirani cha kazi. Nilimwambia: "Shikamoo fundi. Kabureta zimeharibika."

"Marahaba. Nani amesema ni kabureta?"

Nikaanza kutaja: vijana wa bodaboda, muuza spea, muuza mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Nati umezizungusha mara ngapi?"

"Sikumbuki, mzee."

"Ulipozikuta zilikuwa wapi?"

"Sikuandika."

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Nikaziona sura za wanagenzi wangu wote, wakinicheka.

Siku ile hakugusa kabureta hata kwa ncha ya kidole. Alitoa plagi nne, zile zinazowasha petroli kwa cheche ndani ya silinda, akazipanga juu ya boneti kwa mpangilio wa silinda, kwenye kipande cha kanga. "Soma," akaniambia. Nikamwambia siwezi. Akasema hata mimi nasoma kitambaa kwa kugusa tu, hii ni hivyo hivyo. Plagi ya 1 na ya 2 zilikuwa nyeusi, masizi makavu kama ya kibatari: hizo zinalishwa kupita kiasi. Ya 3 na ya 4 zilikuwa nyeupe, kama mfupa uliokaa juani: hizo zina njaa. Plagi inayotakiwa, akasema, ina rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri. Siyo iliyoungua, siyo mbichi. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nafanya. Nyuma kulikuwa na ugonjwa, mimi nikawa naongeza petroli kote kote. Mbele palipokuwa pazima nikapalewesha. Nyuma hapakupona.

Lakini hata baada ya kuziona zile plagi mzee hakwenda kwenye kabureta. Alifungua kifuniko cha distributa, inayogawia kila plagi cheche yake, akatazama pointi, vile vidomo viwili vinavyoachana na kugusana ili cheche itoke. Kisigino cha pointi, kile kinachosuguliwa na ekseli ya katikati, kilikuwa kimelika, na pengo limebaki kama unene wa karatasi. Linatakiwa kuwa nusu milimita hivi. Pengo likiziba, cheche inadhoofika na inachelewa, na gari likichelewa cheche linakuwa zito mlimani, linachemka bure. Nyuso za pointi nazo zilikuwa na vishimo na vilima. Akaweka mpya, akapima kwa bamba la fila, kile kibati chembamba cha kupimia mapengo, akapaka grisi punje moja tu kwenye kisigino. Kisha akapima taimingi upya, yaani wakati cheche inapotoka, maana pengo likibadilika taimingi nayo imehama.

Siku ya pili ilikuwa ya tapeti, yaani kupima nafasi za vali, vile vizibo vinavyoingiza mchanganyiko kwenye silinda na kutoa moshi. Injini lazima iwe ya moto, hivyo tuliliendesha mpaka Shangani na kurudi, kisha akafungua kifuniko cha juu. Kwenye injini hii kipimo cha moto ni milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Mbili za kutoa zilikuwa zimebana, bamba haliingii kabisa. Vali isiyofunga sawasawa inavujisha mgandamizo, na injini isiyo na mgandamizo, akasema, hata ukiiletea kabureta ya dhahabu itakushangaa tu. Kupima tapeti nilikupenda mara moja. Lile bamba linatakiwa lipite kwa kusugua kidogo, lisipwaye, lisikwame, kama kupitisha lastiki kwenye pindo. Vali nne za mwisho nilipima mimi. Alizirudia zote, akalegeza moja, hakusema kitu. Nikaridhika.

Gari likawashwa. Sailensa ilikuwa nzuri zaidi kuliko ilivyokuwa kwa mwaka mzima, na kabureta bado hatujazigusa. Lakini nyuma bado lilikuwa na kigugumizi, na mzee akainamisha kichwa akisikiliza. "Linaiba hewa," akasema. Mahali fulani, baada ya kabureta, hewa inapenya bila kupita mlangoni. Petroli inapimwa kwa hewa iliyopita mlangoni tu, hivyo ya wizi haina mwenzake. Ndiyo maana silinda mbili zilikuwa na njaa.

Akawa anatafuta kitu cha kurushia maji. Nikamwambia subiri. Nikapanda bodaboda mpaka ofisini kwangu, nikarudi na chupa ya kupulizia ninayotumia kupigia pasi. Akaitazama, akaitazama tena, akacheka kwa mara ya kwanza. Tulipulizia maji taratibu, kidogo kidogo, kwenye kila kiungo, tukiiepuka distributa. Kabureta ya mbele: injini haijali. Kwenye maungio ya manifoldi, lile bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda: haijali. Kabureta ya nyuma, pale inapokutana na lile pande jeusi la kuzuia joto: mlio ukabadilika papo hapo, injini ikatulia kwa nukta mbili tatu, kama mtoto aliyewekewa kidole mdomoni, kisha maji yakavutwa ndani na kigugumizi kikarudi. Tukapulizia tena kuhakikisha. Pale pale.

Gasketi ilikuwa imekatika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Na nina hakika niliikata mimi, mwezi ule nilipoifungua kabureta ya nyuma "kuisafisha" nikaifunga kwa nguvu za hasira. Spea ya aina ile Mtwara haipo, mzee akatoa karatasi ya gasketi akaniambia kata. Akanyoosha mkono kuuchukua mkasi wangu kwenye mkoba. Hapo tuligombana kidogo. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, hata akija rais. Nikachora kwa chaki, matundu nikayapima mara mbili kama mtu anayekata kola, nikakata kwa mkasi wake mbovu. Ilikaa kama imezaliwa pale.

Siku ya tatu ndiyo akasema, "Haya. Sasa kabureta."

Ukizifungua, kabureta za aina hii ni kitu cha aibu kwa wepesi wake. Kuna kengele ya aluminiamu, ndani yake pistoni inayopanda na kushuka yenyewe. Chini ya pistoni imening'inia sindano ndefu iliyochongoka, imezama kwenye tundu la jeti. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa imechongoka, tundu linaachia petroli zaidi. Hewa ikipungua, sindano inashuka, petroli inapungua. Hakuna cha zaidi. Sindano! Maisha yangu yote nimekula kwa sindano, na hapa palikuwa na mbili nilizokuwa nazitesa bila hata kuziona.

Juu ya kengele kuna kifuniko chenye kijiti cha shaba kinachozama kwenye mafuta. Kazi ya mafuta ni kuizuia pistoni isiruke unapokanyaga ghafla, ili kwa ile nukta moja mchanganyiko uwe mzito kidogo na injini isisite. Mzee aliingiza kidole mdomoni mwa kabureta ya mbele, akaisukuma pistoni juu. Ilipanda kwa kujivuta, kama mtu anayeinuka kwenye matanga. Ya nyuma ilipaa mara moja. Akanigeukia.

Nikakiri. Ya mbele nilijaza oili nzito ya injini, namba 40. Oili ikaisha. Ya nyuma nikatia mafuta ya cherehani.

Alikaa chini kwenye benchi. Nadhani alikuwa anacheka, ila alinipa mgongo. Zinataka mafuta mepesi ya namba 20. Hayo hayakupatikana, akatumia yale mekundu ya gia boksi ya otomatiki, sawa kwa sawa pande zote mbili, baada ya kuzifuta kengele na pistoni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Hicho kitambaa nilichagua mimi. Pistoni zote zikawa zinapanda kwa mwendo mmoja na kuanguka zenyewe kwa sauti ya tak. Nati za chini alizikaza juu mpaka mwisho, kisha akazishusha kila moja mizunguko miwili na nusu. Akanipa kalamu. Nikaandika.

Kisha akaenda nyuma ya kontena, akarudi na jani la mpapai.

Nilidhani anataka kufuta kitu. Alikata kikonyo chake pande zote mbili, kikabaki bomba la kijani la urefu wa mkono, tupu ndani, kama yale tuliyokuwa tunapulizia mapovu utotoni. Ncha moja akaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, injini ikiunguruma. Akaihamishia ya nyuma, mahali pale pale, kina kile kile. "Sikiliza."

Mbele: sssss nene, ya chini. Nyuma: siii, nyembamba. Mbele ilikuwa inavuta hewa zaidi. Alikuwa amelegeza kiungo kinachozifunga pamoja, ili kila moja ifuate skrubu yake ya sailensa. Akanipa bisibisi. Robo mzunguko hapa, sikiliza. Robo kule, sikiliza. Mafundi wenye pesa wana kidude cha kioo chenye mpira unaopanda kupima mvuto, na mzee anakijua. Chake kiliibwa, akarudi kwenye mpapai, na mpapai hauibwi. Ilinichukua kama nusu saa. Kuna wakati nilisema zimelingana, akachukua kikonyo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikarudia. Siri niliyoigundua ni kutosikiliza ukubwa wa sauti bali rangi yake, kama unavyosikia sindano butu inavyotoboa kitambaa cha jinzi kabla hujaiona mishono. Zilipolingana kweli, injini nzima ilishuka mabega.

Mchanganyiko ulikuja baada ya hapo, siyo kabla. Chini ya kila kabureta kuna pini ndogo ya kuinulia pistoni. Unaiinua kama milimita moja tu na kutega sikio. Injini ikiongeza mwendo na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Ikififia kutaka kuzima, ni mwepesi. Ikiongeza kidogo sana kwa nukta moja kisha ikatulia ilipokuwa, umefika. Mbele tulipandisha jeti sehemu ya sita ya mzunguko, nyuma tukashusha kidogo zaidi ya hapo. Kila tulipogeuza kimoja, tulirudi kwenye kikonyo, kwa sababu ukigusa petroli na hewa inahama. Kikonyo cha kwanza kililegea kwa joto, tukakata kingine. Mwisho akafunga kiungo cha katikati huku akitazama milango yote miwili ya hewa inavyofunguka kwa wakati mmoja, akasema hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri.

Ipo shida tuliyoiacha. Ekseli ya mlango wa kabureta ya nyuma imelika, inacheza kidogo ukiitikisa, na hapo hewa kiasi inaendelea kuibwa. Dawa yake ni kuchonga bushi mpya, na hilo linasubiri pesa za msimu wa korosho, watu watakaposhona.

Mwezi uliofuata nilikuwa na kazi nyingine ya Lindi. Mjomba akasema anakuja. Nilimsimulia yote njiani, hata mafuta ya cherehani, maana angeyasikia tu. Hakunikaripia. Tulishuka Mikindani, tukaanza kupanda kile kilima, nikakanyaga nikiwa nimeshika pumzi. Hakuna chafya. Gari lilivuta moja kwa moja mpaka juu, na nilipogeuka nimwone mjomba anasemaje, alikuwa amelala, kofia imemshukia puani. Kabla ya siku ile mjomba hakuwahi kulala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine.

Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapochepuka, tulisimama. Nikafungua boneti, nikasubiri kidogo, nikatoa plagi kwa kitambaa nikazipanga juu ya kanga. Ya 1 na ya 2 nzuri. Ya 4 nzuri. Ya 3 bado imepauka kidogo. Bisibisi ilikuwa mkoba wa mbele, naijua ilipo hata gizani.

Mjomba alikuwa amenunua pakiti ya korosho kwa vijana wa barabarani. Akaja akitafuna, akainama mpaka pua inakaribia plagi, maana macho hayaoni tena. Akachagua korosho moja, akaisogeza pembeni ya plagi ya 3, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

"Hii ingekaa motoni kidogo," akasema, akairusha mdomoni. Sikujua anasema korosho au plagi. Nikarudisha plagi, nikafunga boneti, tukaendelea na safari.